Aliyeliliwa Angali Hai

Paukwa!
Pakawa!
Mpo?
Tupo, twakusikia.
Nisemeje?
Sema polepole, sote tusikie.

Hapo kale, nchi ya Romania, milimani kwenye theluji, aliondokea mwandishi, jina lake Nikanori. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na daftari, akiandika hadithi na nyimbo za wazee, zisizikwe nao. Alitembea, akaandika. Alitembea, akaandika. Viatu vikatoboka.

Wimbo mmoja tu ulimshinda: wimbo wa kulilia maiti. Aliyebaki akiujua wote ni Bibi Safta, mkongwe.

Siku ya kwanza akaenda.
"Bibi, niimbie."
"Nani kafa?"
"Hakuna."
"Basi toka. Wimbo huu hauimbwi bila maiti."

Siku ya pili akaenda na sukari.
"Bibi, niimbie."
"Nani kafa?"
"Hakuna."
"Sukari nitaila. Wimbo hupati."

Siku ya tatu akaenda, akavua kofia.
"Nani kafa?"
"Mama yangu."

Jamani! Mama yake yuko kwake, mzima, anafuma soksi!

"Pole, mwanangu. Aliitwaje?"
"Anika."

Safta akajifunga kitambaa cheusi, akaimba:
"Anika, inuka, mwanao yu mlangoni.
Anika, nani kakufumba mdomo?"
Bibi akalia machozi ya kweli. Nikanori akaandika, hakuacha neno.

Kitabu kikatoka. Mjini wakamsifu sana. Kisha baridi ikaja, na Anika akafa kweli.

Nikanori akakimbia kwa Safta.
"Bibi, njoo umlilie mama yangu, Anika."
"Anika? Huyo nilikwisha kumlilia. Kwetu mtu huliliwa mara moja."
"Nilikudanganya, bibi. Nisamehe."
"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini machozi yakishaanguka, nani ayaokote?"

Akaenda kwa wanawake wengine. Wakamjibu vilevile, wakimwonea huruma. Ndiyo hayo, wenzangu: majuto ni mjukuu.

Basi akasimama mwenyewe mbele ya jeneza, akafungua kitabu chake. "Anika, inuka, mwanao yu mlangoni." Maneno yote yalikuwamo. Akayasoma kama mtu asomaye barua ya jirani. Watu wakatazama miguu yao. Hakuna aliyelia. Naye akajikaza alie, machozi yakakataa.

Wakamshusha mama kimya. Ukasikika udongo tu.

Nimefika, mzigo nautua. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.