Nguchiro Aliyeokoka kwa Neema

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kanga mmoja, jina lake Neema. Alikuwa na mayai manne, wala hakuwa na kingine duniani. Sheria ya msituni ilisema mla mayai afukuzwe, basi Neema akaatamia kwa raha zake.

Jumapili moja Nguchiro, mwizi wa mayai, alikwenda ibadani, akalia, akatubu. Kobe, aliyekuwa mhubiri na hakimu pia, akamwambia, "Ndugu yangu, umeokoka kwa neema, si kwa sheria!"

Nguchiro huyo, mbio hadi kichakani.

"Hodi kwa Neema!"

"Karibu. Una habari gani?"

"Nimeambiwa nimeokoka kwa Neema. Basi nimefika." Akala yai moja.

"Nguchiro! Na sheria je?"

"Sheria ni ya wasioamini, dada. Mimi naamini."

Kesho yake, hodi kwa Neema! Akala la pili.

"Na sheria je?"

"Sheria ni ya wasioamini, dada."

Neema akaenda kushtaki. Kobe akaduwaa. "Nilisema neema ya Mungu, sikusema kwako! Lakini nimhukumuje, na maneno ni yangu?" Akaingiza kichwa gambani kwa aibu. Mahakama ikafungwa.

Siku ya tatu, hodi kwa Neema! Maskini Neema, kupigana hawezi, kukimbia na mayai hawezi. Akasema, "Karibu. Ila mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nina kiu mimi. Haya, yaatamie."

Nguchiro akacheka, akakalia mayai.

Neema akafika mtoni, akachovya mdomo mara moja tu, akageuka. Akarudi mbio. Akamkuta Nguchiro ametulia tuli, maganda matupu pembeni. Moyo ukampasuka. Kumbe chini ya kidevu chake wamelala vifaranga wawili!

Nguchiro akameza mate. "Nina njaa, dada."

"Basi kula. Si unaamini?"

"Naamini."

"Na sheria je?"

"Sheria hainihusu." Akafumbua kinywa, akafumba. Akafumbua, akafumba. Akafumbua, akafumba. "Ila siwezi. Na wewe nong'ona, utawaamsha."

Neema akafurahi mpaka machozi yakamtoka, akajilaza kando yao.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kukohoa akakohoe nje, vifaranga wamelala.