Paka wa Kitambaa Chekundu

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni majuzi tu hapa hapa mjini, palikuwa na nyumba ya kupanga Magomeni. Wapangaji wake walifunga kufuli hata wakienda bombani. Ukimsalimia mtu, alijiuliza: huyu leo anataka nini?

Akaja paka wa mtaani, hana kwao. Bi Siwema, mjane mkaanga samaki, akawa anampa vichwa vya samaki kwa siri, majirani wasije wakasema anafuga majini. Kibwana, fundi cherehani, akaogopa watoto wa mtaa watampiga mawe. Akamshonea kitambaa chekundu, akamfunga shingoni, ijulikane ana mwenyewe. Hakumwambia mtu. Bi Siwema akakiona. "Nani huyo anataka kuninyang'anya?" Akajiuliza hivyo moyoni, asimwulize mtu.

Lazaro, mlinzi wa ghala, hulala mchana. Siku moja akafumbua macho, paka yuko kifuani, na kitu chekundu shingoni. "Hirizi! Nimetumiwa!" Akamtia kwenye kiroba, akaenda kumbwaga soko la samaki, Feri.

Kesho yake darini kukasikika sauti nyembamba kama ya kichanga. Bi Siwema akamtazama Kibwana. Kibwana akamtazama Lazaro. Lazaro akaanza kufunga virago. Mwisho wakapanda wote, maana hakuna aliyemwamini mwenzake apande peke yake. Kumbe ni watoto wa paka, macho hayajafunguka, wanakufa njaa.

Bi Siwema akaangua kilio. "Mama yao yuko wapi?"

"Nami nilimfunga kitambaa asidhuriwe!" akasema Kibwana.

Lazaro akashika kichwa. "Kitambaa chako, fundi? Basi mimi ndiye niliyemtupa."

Akatoka mbio mpaka Feri, akamtafuta chini ya meza za samaki, akarudi naye, mikono imechanwachanwa kwa kucha. Watoto wakanyonya, wakapona.

Sasa mwenye nyumba, Bi Zamda, akaja juu. "Nyumba yangu si zizi. Paka atakaa kwa mmoja. Mkigombana, anaondoka na wanawe."

Bi Siwema akasema, "Ni wangu. Nimemlisha. Tangu nifiwe na mume wangu, humu ndani ni yeye tu aliyekuwa akiniitikia."

"Mama, ulimlisha kwa kujificha," akasema Kibwana. "Mimi ndiye niliyetangaza kuwa ana mwenyewe."

"Ulimtangazia nani, fundi? Kitambaa chako ndicho kilichomponza!"

Lazaro akasema, "Nimekosa, sikatai. Lakini nani kamrudisha? Na nisingemtupa, leo mngekuwa mnasemezana?"

Maneno yale yaliwauma, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Haya, wenzangu. Msiniambie wagawane watoto, nawajua nyinyi kwa njia za mkato. Watoto ni wengi, mama ni mmoja, na anayetakiwa ni mama. Bi Zamda anangoja, na wale watatu wameshaanza kutupiana jicho la pembeni. Je, ungempa nani paka, na wale wawili ungewaambia nini ili kesho wasalimiane?