Mrusi Aliyeshika Tama

Wapendwa, huko Tukuyu alikuwapo bwana mmoja, tumwite Mwaipaja, aliyekwenda Urusi kusomea udongo akarudi na picha. Ilikuwa nakala ya mchoro wa kule: mwanamke wa makamo kaketi dirishani, kimya, kashika tama, chai yake imepoa. Mwaipaja aliitundika sebuleni, ikitazamana na mlango.

Nanyi mnajua, kwetu anayeshika tama anaita msiba. Kila mgeni aliyeingia alishusha sauti: "Poleni. Nani ametutoka?"

Mwaipaja alivumilia. Lakini siku wakwe walipokuja kumposa binti yake Lusajo, dada mkubwa wa Mwaipaja aliwatangulia, akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Mwaipaja, mteremshe huyu mfiwa. Wakwe wakimwona watageuza."

"Dada, hakufiwa. Anatafakari."

"Anatafakari nini mpaka chai inapoa?"

Hapo bwana akapata mwanafunzi. Akaeleza shingo ilivyoinama kidogo, na mkono wa pili ulivyosahauliwa pajani. "Warusi walijua kumchora mwanamke aliyenyamaza. Huyu ana neno zito moyoni. Kila jioni humtazama nikijiuliza ni neno gani."

"Na jibu hujapata."

"Si jambo la haraka, Dada."

Dada akakokota kiti apande amteremshe mwenyewe. Ndipo sauti ikatoka jikoni, ya Mama Lusajo, aliyekuwa akimenya ndizi tangu alfajiri bila kusema kitu.

"Wifi, mwache. Katika nyumba hii ni yeye tu anayeulizwa ana nini moyoni."

Je, mnadhani Mwaipaja alijibu nini? Aliitazama picha, kana kwamba Mrusi angemtetea. Kisha akaenda jikoni, mahali asipojua hata kigoda hukaa wapi.

"Mama Lusajo, una neno gani?"

"Ninayo mengi. Shika kisu kwanza."

Wakwe walipopiga hodi walimkuta baba wa binti akimenya ndizi, tena vibaya, na mkewe akizungumza. Hawakugeuza.

Sisi je? Tunasimama mbele ya picha ukutani, tukiugua kwa huruma. Aliyekupigia pasi hilo shati yuko hapa hapa kanisani, benchi la upande wa akina mama. Anawaza nini? Usimgeukie sasa, utamtisha. Mwulize mkifika nyumbani, kabla hujauliza chakula.