Mlamba Aliyeazima Kilio cha Mke wa Hondohondo

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo.

Ije na nini?

Ije na uongo wake.

Na ukweli je?

Ukweli ukae kizingitini, utaingia wenyewe.

Basi hapo kale kiliingia kiangazi kilichokausha hata mate mdomoni. Wadudu wakaisha. Kikabaki kichuguu kimoja tu chenye mchwa, na kichuguu hicho alikikalia Hondohondo, yule mwenye mdomo kama jembe. Alikivunja, ko, ko, ko, na kila aliyesogea alikula pigo la mdomo.

Mlamba, ndege mdogo mweusi mwenye mkia wa panda, alikuwa na makinda wawili kiotani. Juzi walikuwa watatu. Akaenda, akainama.

"Shikamoo, Mzee Hondohondo. Nigawie mchwa kidogo nikawatilie watoto mdomoni."

"Marahaba. Mchwa ni wangu."

"Mmoja ameshakufa, mzee."

"Basi umepunguziwa midomo. Shukuru."

Na huyo Hondohondo alikuwa na mke. Mke alikuwa ndani ya shimo la mti, anaatamia. Ndiyo mila yao: mke huingia shimoni, mume humletea udongo, mlango huzibwa, ikabaki nafasi nyembamba ya kupitishia chakula. Humo ndani manyoya humtoka, hata akitaka kuruka hawezi. Kila tonge humtegemea mume. Naye Hondohondo alikula mpaka akacheua, ndipo akampelekea alichosaza. "Hana mlango wa kutokea aje kunichungulia," alisema, akacheka peke yake.

Mlamba alirudi tawini na uchungu wake. Akaikumbuka sheria ya ndege: aliye juu ndiye mlinzi. Akipiga ukelele, walio chini hukimbia kwanza, wakauliza baadaye. Waliokaa kuhakikisha hawakuacha wajukuu.

Akapiga ukelele: "Kwii, kwii! Kipanga huyo!"

Hondohondo akadondosha mchwa, puruu, akaruka. Mlamba akatelemka, akadokoa, akapeleka kiotani.

Akapiga tena. Hondohondo akadondosha, puruu, akaruka. Mlamba akatelemka, akadokoa, akapeleka.

Akapiga tena. Hondohondo hakuinua hata kichwa. "Kelele zako nimezizoea, Mlamba."

Basi Mlamba akaazima sauti ya Kanga. Hondohondo, puruu. Ya Kanga ilipozoeleka, akaazima ya Tumbili. Hondohondo, puruu. Ya Tumbili nayo ikazoeleka, na kule kiotani kinda mdogo alikuwa hainui tena shingo. Mlamba akaenda kutua karibu na mti wa mke wa Hondohondo, akatega sikio. Ndani ya shimo mama wa watu alikuwa akilia njaa, taratibu. Mlamba alimhurumia, kweli alimhurumia. Kisha akaichukua sauti ile.

"Hoo, hoo! Mume wangu, nakufa!"

Mlafi yule alidondosha hata kilichokuwa kooni. Puruu, mpaka mtini.

"Mke wangu, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Umeniletea chakula?"

Hakuleta. Akarudi, akakuta mchwa hakuna. Kilio kikarudi, naye akarudi mtini, na kila aliporudi kichuguuni alikuta pameshadokolewa. Mwishowe akaapa: "Alie asilie, mimi sitoki hapa."

Kesho yake Kenge alipanda ule mti. Akakwangua udongo wa mlango, kwaru, kwaru.

"Hoo, hoo! Mume wangu, nakufa!"

Hondohondo akaendelea kuvunja kichuguu, ko, ko, ko.

Mlamba alikuwa juu ya tawi, kimya. Akamwita Hondohondo: "Mzee, kimbia. Huyo si mimi. Ni mkeo."

"Umekuwa Kanga, umekuwa Tumbili, leo umekuwa mkweli. Niache nile."

"Nitazame mdomo, mzee. Nimeufumba."

"Umeufumba, na huku unaongea?"

Kwaru, kwaru. Udongo ukaporomoka, pu. Kilio kikakatika katikati.

Hapo ndipo Hondohondo alipoinua kichwa, maana kimya kile Mlamba hakuwahi kukiiga. Akaruka. Akakuta shimo wazi, na manyoya.

Makinda wa Mlamba walipona wote wawili. Wakaota mabawa. Siku yule mdogo alipofungua mdomo kujifunza kulia, alitoa sauti iliyomlea: "Hoo, hoo! Mume wangu, nakufa!"

Mlamba akashtuka, akataka kumkanya. Lakini kule kichuguuni Hondohondo alidondosha mchwa, puruu, akaruka mpaka kwenye shimo tupu. Anajua mkewe hayupo, manyoya aliyaona kwa macho yake. Ila siku moja aliitwa, akakaa akala, na tangu hapo kukaa hawezi.

Mlamba akamtazama akienda. Kisha akatelemka, akadokoa, akapeleka kiotani. Na mpaka leo mlamba hulia sauti za wenzake.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye njaa aichukue, aliyeshiba anirudishie.

Na fundisho lake, watoto wangu: msiseme uongo. Uongo haujapata kumshibisha mtu. Mwenye shaka na awaulize makinda wa Mlamba. Wakimaliza kutafuna, watamjibu.