Kadi ya Dhahabu na Sare ya Harusi

"Kadi ya sifa hula kabla ya mwenyewe." Wajukuu wa Mzee Shekalaghe waliisikia methali hii kwa mama mmoja benki, walipomsindikiza mwenzao Zubeda, anayejiandaa kwenda kusoma Uturuki. Waliporudi nyumbani wakamuuliza babu yao imetoka wapi. Mzee alizima redio kwanza, kwani hakupenda kusimulia huku akishindana na mtangazaji. Ilianza hivi, akasema.

Hapa hapa Tanga, kule Ngamiani, alikuwepo mwanamke aitwaye Tunu. Alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, Riziki. Wanawake wa ukoo na wa mtaa walichanga fedha za sare, na walitaka lesi ya kutoka Dubai, ili upande wa bwana harusi wakae wakijiuliza imepatikana wapi. Nanyi mnajua mambo ya sare yalivyo. Mwanamke akiikosa kwa sababu hakuchanga, shauri yake. Akichanga halafu akaikosa, huo ni ugomvi wa kurithisha watoto.

Tunu alitumwa huko Dubai pamoja na wifi yake Saumu, dada wa mumewe. Fedha zote, za lesi na za matumizi, ziligawanywa nusu kwa nusu, kila mmoja akaweka zake kwenye kadi yake, ili mmoja akiibiwa mwingine asikwame.

Siku ya kuchukua kadi, Saumu aliuliza maswali mpaka foleni ikaanza kuguna. Nikilipia kitu kule, mnakata nini? Nikitoa fedha kwenye mashine je? Mkibadilisha shilingi, mnaongeza na chenu? Mwishowe akapewa kadi ya kijivu isiyo na pambo lolote, ambayo benki haikuitoza ada kwa matumizi ya nje. Tunu alikwishachagua ya dhahabu. Alipoulizwa kama angependa kuelezwa makato yake, alijibu kwamba hana haraka ya kusikia habari mbaya.

"Wifi, hiyo yako kama ya kliniki," akamtania Saumu wakitoka.

"Ndiyo iliyokukuzia watoto," Saumu akajibu.

Dubai ilimpendeza Tunu kupita kiasi. Saumu alitoa fedha taslimu mara moja za chai na teksi, akaizika kadi yake kwenye mkoba. Tunu alichanja ya dhahabu kwa kila kitu, hata kwa chupa ya maji, na hakuirudisha mkobani upesi, ili ionekane. Mashine ilipomuuliza alipe kwa dirhamu au kwa shilingi, alichagua shilingi kila mara. Shilingi ni ya nyumbani, alijiambia, haiwezi kunidhulumu. Hakujua kwamba akichagua hivyo fedha zake hubadilishwa kwa bei ya wenye mashine, bei ambayo wao wenyewe wasingenunulia. Na benki nayo ilimega ada yake kila alipochanja. Ilikuwa kama panya, anauma na kupuliza.

Wakafika duka la lesi. Saumu akalipia nusu yake bila shida. Muuzaji akachanja kadi ya Tunu, akaichanja tena.

"Haitoshi, mama."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu."

Tunu alihisi joto la aibu masikioni. Aliyatazama majora yaliyokuwa mezani, akaanza kuwapitisha kichwani wanawake wa Ngamiani, mmoja mmoja, akimtafuta wa kumnyima. Hakumpata.

"Wifi," Saumu akasema taratibu, "si tumekunywa chai ileile?"

"Ileile."

"Na teksi tumepanda moja?"

"Moja."

"Basi tulikuwa na mgeni wa tatu, tukawa tunamlisha bila kumkaribisha." Akaigusa kadi ya dhahabu kwa kidole.

Tunu akairudisha mkobani, mara hii upesi. Saumu alitoa kadi yake ya kijivu, ambayo bado ilikuwa na salio, wakakatiwa lesi upya, lakini hata hivyo ilipungua ya mtu mmoja.

"Huyo mmoja tutamwambiaje?" Saumu akauliza.

"Usijali. Nimeshamwambia."

Siku ya harusi, wanawake wa Ngamiani walitoka wote kwa lesi, wakapendeza kweli. Mama wa bibi harusi akatoka nyuma yao amejifunga doti ya kanga ya zamani. Saumu alikuwa amembembeleza tangu asubuhi avae ile yake yeye Saumu, akakataa katakata. Upande wa bwana harusi wakaanza kunong'onezana, mpaka mama mkwe wa Riziki akashindwa kuvumilia.

"Mwenye shughuli, na wewe sare yako iko wapi?"

Tunu angeweza kusingizia fundi, na wote wangeamini, maana mafundi tunawajua. Lakini aliangalia huku na huku, akaona hakuna mwanamke wa kwao aliyekosa, na moyo wake ukatulia. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Imeliwa, mkwe wangu," akasema. "Kadi ya sifa hula kabla ya mwenyewe."