Moto wa Jumamosi Kuu

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, Mola awape pumziko la milele, kwamba hapo kale, katika misheni ya Kwemkuyu huko milimani, aliishi mwanamke mcha Mungu jina lake Tekla, ambaye hakupika chakula nyumbani kwake kwa miaka mingi. Alikula viazi vya jana, ndizi za jana, na uji uliolala, vyote kwa kupewa na majirani. Watoto wakamwita Mama Kiporo. Aliwasikia, na hakuwakemea hata mara moja.

Hakuwa mvivu. Aliuogopa moto, na kisa cha kuuogopa ndicho hiki.

Zamani zile kiberiti kilikuwa kitu cha Padre. Moto wa mtu ukizimika, aliomba kaa kwa jirani, akalibeba juu ya kigae cha chungu hadi jikoni kwake. Basi siku moja Tekla, angali bibi harusi, alitoka kuomba moto. Akiwa njiani akakutana na Petronila, mwanamke ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea. Na siku hiyo Petronila alikuwa na habari ya mwalimu wa kwaya na posa iliyorudishwa. Nani angepita? Kigae kikamuunguza Tekla vidole, akakitua chini upenuni mwa nyumba iliyokuwa karibu ili asikilize vizuri. Ilikuwa nyumba ya Damari. Habari ikanoga. Petronila akaaga, Tekla akasema, "Ngoja nikusindikize kidogo." Nanyi mnajua mambo ya kumsindikiza mtu mwenye habari tamu: unamsindikiza kidogo, unajikuta umefika mlangoni kwake.

Upepo ukavuma, na nyasi za paa zilikuwa kavu.

Damari alikuwa mtoni akifua. Alipouona moshi alikimbia, akaingia ndani kwa mikono mitupu, akamtoa mwanawe Sabina, mtoto wa kunyonya. Lakini mtoto alikwisha kufa. Mikono ya mama ikaungua, vidole vikajikunja kama majani ya mgomba yaliyokauka, na hivyo ndivyo vilivyobaki.

Watu wakasema Damari aliacha jiko lake wazi. Yeye mwenyewe naye akaamini. Masika yote alikaa akijipiga kifua, akisema, "Mimi nimemuua mwanangu." Na Tekla akamsikia, akanyamaza. Ulimi uliokuwa mwepesi kwa mambo ya mwalimu wa kwaya ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

Lakini Roho wa Bwana hamwachi mtu alale. Masika yalipokwisha, Tekla alisimama kanisani akaungama yote mbele ya watu, kwa kilio. Akawekwa kwenye benchi la wanaotubu, lile la mlangoni, kama ilivyokuwa desturi. Akafunga, akaomba. Hata siku ya ondoleo ilipofika, Padre Nikodemo akamshika mkono ili amwongoze mbele, na Damari akainuka akatamka, kila mtu akisikia, "Nimekusamehe kwa jina la Yesu." Wote wakaimba. Waliolia walikuwa wengi kuliko walioimba.

Jumapili iliyofuata, Tekla alikuwa tena kwenye benchi la mlangoni.

Padre akamwita. Akaja mbele, wiki ile tu. Ile nyingine akarudi nyuma. Mwishowe wakamzoea, na wageni wakapita wakisema, "Tazama mwanamke yule, ni mtakatifu." Watu wa misheni tunapenda sana kumtazama mtu anayeteseka, mradi si sisi.

Yeye Tekla aliishi kama aliye ndotoni. Huko milimani ukungu hushuka asubuhi ukafunika migomba, kengele ikilia hujui inalilia wapi, na watu hutokeza mmoja mmoja kama waliofufuka. Katika ukungu ule alisikia harufu ya moshi pasipo moto. Wakati mwingine alimwona mtoto mdogo ameketi njiani, akichezea majivu kama achezeavyo mtoto unga wa mamaye. Mtoto hakumlaumu. Alimtazama tu, na ukungu ukamfunga. Juu ya majivu ya nyumba ile Damari alipanda migomba, ikazaa, ikakatwa, wajukuu wa migomba ile wakazaa, na Tekla angali kwenye benchi.

Sasa, kulikuwa na desturi Kwemkuyu ambayo wazee waliipenda mno. Ijumaa Kuu kila jiko lilizimwa, majivu yakapoa, kijiji chote kikawa kama kaburi. Jumamosi Kuu kulipopambazuka, Padre alipiga jiwe la moto mbele ya kanisa, akaubariki moto mpya, na kila nyumba ikachukua kaa lake kwa kigae. Ukisimama mlimani uliona ndani ya ukungu nuru ndogo ndogo zikitawanyika, kama nyota zinazorudi makwao. Tekla hakuchukua kaa kamwe. Wenzake wakienda kwenye moto, yeye aliingia kanisani akaketi mahali pake.

Ikafika Jumamosi Kuu moja, Damari amekwisha kuzeeka. Binti wa ndugu yake aliyekuwa akimbebea moto alikuwa ameolewa mbali. Padre akauliza, "Nani atampelekea Mama Damari moto?" Wakajitokeza wengi, wakishindania thawabu.

Damari akasema, "Tulieni. Mimi nina mtu wangu."

Akaingia kanisani, akafika kwenye benchi la mlangoni.

"Sogea," akasema.

Tekla akashtuka. "Mama, hili ni benchi la wanaotubu."

"Nimeliona. Sogea, mwenzangu. Mimi sikuishi kwa kiporo, nahitaji nafasi."

Akaketi, benchi likalia.

"Umekosa nini wewe, hata ukae hapa?" Tekla akamwuliza.

"Nimesema uongo mbele ya madhabahu. Nilisema nimekusamehe. Nikasema kwa jina la Yesu, tena kwa sauti. Na kila Jumapili watu wanakuona hapa. Basi lile neno langu ni la uongo, nami nimekuja kutubu."

"Usiseme hivyo, Mama! Ulinisamehe kweli. Ni mimi ninayejijua nilivyo."

"Hata Bwana anakujua. Na kwa kukujua huko akakuita mbele. Wewe ukamwona hajui kazi yake, ukarudi nyuma."

Tekla akafunika uso kwa kanga. Akasema, polepole, kama mtu aongeaye usingizini, "Nikiondoka hapa nitamsahau. Nikimsahau mimi niliyemuua, nani atamkumbuka Sabina?"

Damari akamgeukia. Nje watu walikuwa wakiimba, na sauti zao zilikuja na ukungu kupitia mlangoni.

"Mimi mama yake nipo," akasema. "Nilimzaa, nikamzika, nikamkabidhi kwa Bwana. Nami nilikaa masika yote nikidhani ni jiko langu lililomuua, kwa hiyo hicho unachokitafuna najua ladha yake. Lakini kila nikimlaza mwanangu mikononi mwa Yesu, Jumapili inafika, nakuona hapa, na umemfukua tena. Kovu ni langu, Tekla. Wewe ndiye unayelikuna."

Tekla akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia, hata siku ya maungamo. Damari akamwacha alie. Kisha akamsukuma kwa kiwiko.

"Haya. Jiko langu limezimika tangu jana, na njaa ninayo. Nipelekee moto."

"Mimi? Moto? Nyumbani kwako?"

"Kwa nani tena? Ila safari hii usisimame njiani kupiga soga."

Inasemekana Tekla alicheka huku akilia, na kicheko hicho kilikuwa kimekaa ndani yake muda mrefu hata kikatoka na kutu.

Akatoka nje. Padre akamwekea kaa juu ya kigae. Kigae kikamuunguza vidole vilevile, naye hakukitua. Wakashuka wote wawili katika ukungu, Damari mbele na Tekla nyuma, kaa likiwaka na kufifia kama moyo. Walipofika penye bonde, Petronila, kikongwe sasa na habari zake zote zi hai, akatokeza njiani.

"Tekla! Wee Tekla, hivi umesikia kwamba..."

"Nitakuja, mwenzangu," Tekla akamjibu bila kusimama. "Nina moto mkononi."

Nasikia ndiyo mara pekee Petronila alipobaki na habari mdomoni.

Akipita penye migomba Tekla alimtafuta yule mtoto wa njiani kwa macho. Hakukuwa na mtoto. Palikuwa na umande, na asubuhi.

Akapiga magoti jikoni kwa Damari, akapanga kuni, akapuliza. Moshi ukawaingia wote machoni. "Ni moshi tu," Damari akasema, na mwenzake akaitikia, "Ni moshi." Wakapika uji. Tekla akaunywa moto, kwa pupa ya mtu aliyesahau, ukamuunguza ulimi, na Damari akacheka hata akashika mbavu.

Pasaka ile waliketi pamoja, mbele, bega kwa bega, na benchi la mlangoni likabaki tupu.

Wapendwa, toba ni njema, na walioiweka mahali pake walikuwa na hekima. Waliliweka benchi lile mlangoni, pale mtu anapopita ili aingie. Bwana Yesu akikuita mbele, usimbishie kwamba hukustahili. Hilo alilijua kabla hajakuita. Inuka. Huenda kuna jiko lililopoa mahali, na mwenyewe anakungoja wewe.