Jeli ya Krismasi ya Mama Mazoya

Upendo usiouliza hupika sumu. Bibi Nyendo aliyatamka maneno hayo bila kuinua macho, mikono yake ikiendelea kuchagua mchele kwenye ungo. Vijana wa kwaya waliokuwa barazani kwake wakifunga vifurushi vya sikukuu wakageuka kumtazama. Mmoja wao alikuwa ametoka kusema kwamba zawadi ni zawadi tu, mradi imetoka moyoni.

"Bibi, msemo huo mbona mzito?" akauliza binti mmoja. "Umetoka wapi?"

Bibi akauweka ungo chini. "Haukutoka mbali. Umetoka pande zetu hizi, kinywani mwa mwanamke aliyejua kupika kuliko wote niliowahi kuwaona. Nyamazeni basi, niwaeleze ulikoanzia."

Katika kijiji kimoja cha wakulima wa zabibu, upande wa Dodoma, aliishi mjane aitwaye Mbeleje. Watu wengi walimwita Mama Mazoya, kwa jina la mwanawe wa pekee. Mumewe alipofariki alimwachia kipande cha shamba la mizabibu na pipa la kutengenezea divai, na kwa vitu hivyo viwili alimlea mtoto akakua.

Mbeleje alipokuwa msichana alifanya kazi katika jiko la masista wa misheni. Huko alijifunza kupika kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine kijijini aliyekijua: jeli ya divai yenye viungo. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, inang'aa ukiielekeza kwenye jua, na ilitetemeka kwenye kijiko bila kumwagika. Kila Krismasi alipika chupa chache, akazifunga vifuniko kwa vipande vya kitenge, akawapelekea majirani. Watu walianza kuingojea tangu mvua za kwanza.

Mazoya alikua akilamba sufuria ya jeli hiyo. Mama yake alipokuwa akiipakua, mtoto alikaa kwenye kigoda pembeni na kijiko mkononi, akingoja haki yake. Baadaye akawa dereva wa malori, akahamia Morogoro, akaoa msichana wa huko aitwaye Gaudensia. Miaka ya mwanzo alikuja nyumbani kila sikukuu. Kisha akaanza kuruka mwaka mmoja, halafu akaacha kuja kabisa. Watu waliotoka Morogoro walileta salamu zake, na walipozileta walitazama chini. Mbeleje hakuwauliza kwa nini wanatazama chini. Alijiambia kwamba barabara ni ndefu na kazi ya lori haina sikukuu.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, Gaudensia alishuka kwenye basi peke yake. Alikuwa amekonda. Mbeleje alimpokea kwa furaha, akamchinjia kuku, na walipomaliza kula yule mkwe akasogea karibu naye.

"Mama, Krismasi hii tutakuja. Mazoya amekubali kuja."

Mbeleje alipiga kigelegele hadi jirani akachungulia juu ya ua.

"Ila mama," Gaudensia akaendelea, akikunja na kukunjua upindo wa khanga yake, "kabla hatujaja, kuna jambo. Mazoya siku hizi si kama zamani. Tulikuwa tunaomba, hapa nyumbani, siku hiyo, pasiwe na..."

"Pasiwe na nini? Na njaa? Haitakuwepo!" Mbeleje akacheka. "Mwanangu, usinifundishe kumlisha mtoto niliyemzaa. Najua anachokipenda."

"Si chakula, mama. Ningependa uniulize tu..."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe mlete. Mengine niachie mimi."

Gaudensia akaliacha jambo hilo hapo. Ni vigumu mke kumshtaki mume mbele ya mama mkwe, na Mazoya mwenyewe alikuwa amemwapisha asimwambie mama yake lolote. Kesho yake asubuhi akapanda basi akarudi. Mbeleje aliona kwamba macho ya mkwewe yalikuwa mekundu. Akasema moyoni kwamba labda ni vumbi, akaenda kuiangalia divai kwenye pipa.

Mwezi wa Desemba ulipoingia, alianza kazi. Alichemsha maganda na mbegu za ndimu mpaka maji yakawa mazito na yenye ute, kwa maana ute huo ndio unaoigandisha jeli. Akapasha divai moto pamoja na mdalasini, karafuu, iliki na maganda ya chungwa, akaichuja kwa kitambaa cheupe, akatia sukari na ule ute wa ndimu, akairudisha jikoni. Sufuria ya kwanza ilikataa kuganda. Alidondosha tone kwenye kisahani cha baridi, akalisukuma kwa kidole, nalo likatiririka kama maji. Mwaka mwingine angeiacha hivyo hivyo. Mwaka huu aliimwaga yote, akauza kuku wawili ili anunue sukari nyingine, akaanza upya.

Sufuria ya pili ilitii. Tone lilijikunja chini ya kidole kama utando wa maziwa. Mbeleje alisimama pale jikoni, moshi ukimuumiza macho, na machozi ya furaha yakamtoka.

Kupika huondoa ukali wa divai, na masista walimfundisha kwamba jeli ikishapoa kidogo, kabla haijaganda, kila chupa iongezewe kijiko kimoja cha divai isiyopikwa ili harufu irudi. Akafanya hivyo kwa chupa za majirani. Alipofika kwenye chupa ya Mazoya, iliyokuwa kubwa kuliko zote, alitia kijiko cha kwanza, akatia cha pili, akafikiri kidogo, akaongeza na vingine. Hakutaka mwanawe apate sawa na majirani. Akaifunika, akaifunga kwa kitambaa alichokikata kwenye kitenge chake kipya.

Mazoya na mkewe walifika siku moja kabla ya Krismasi. Alikuwa mwembamba, mashavu yamebonyea, lakini alitabasamu, na alipomkumbatia mama yake hakumwachia upesi. Jioni majirani walipomletea kikombe cha divai kumkaribisha, alikisukuma taratibu.

"Nisameheni ndugu zangu, tumbo linanisumbua. Chai inanitosha."

Mbeleje akachemsha chai nyingine. Hata hapo hakuuliza ni ugonjwa gani.

Baada ya misa ya Krismasi, nyumba ilijaa watu. Mbeleje alileta mkate, akaleta ile chupa kubwa, akaiweka mikononi mwa mwanawe mbele ya wote.

"Zawadi yako hii. Miaka yote uliyokosa nimeitia humo humo."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Mazoya alifungua kitambaa, akafungua kifuniko. Harufu ikatoka. Wote waliona alivyotulia ghafla, kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake nje.

"Mama," Gaudensia akasema haraka, "ataila baadaye. Tumbo lake..."

"Baadaye kwa nini? Viungo hivi ni dawa ya tumbo. Mazoya, umekuwa mkubwa hata unaionea aibu jeli ya mama yako?"

Mazoya alimtazama mkewe, akamtazama mama yake. Barazani palikuwa na wazee, palikuwa na watoto, na wote walikuwa wakimngoja. Akachukua kijiko. Mkono ulikuwa ukitetemeka, na Mbeleje alipouona alidhani ni mapenzi yaliyomzidi mwanawe. Akatabasamu kwa furaha.

"Ni tamu, mama," Mazoya akasema.

Akala kijiko kingine. Kisha akaacha kupaka kwenye mkate, akawa anachota na kula. Gaudensia alisimama akaingia ndani. Wageni walipoanza kuimba, chupa ilikuwa imebaki tupu, na Mazoya alikuwa akipitisha kidole ukingoni mwake.

Alasiri Mbeleje alimtafuta hakumwona. Alimkuta Gaudensia chumbani ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Unajua kilabu kiko wapi, mama. Yuko huko."

"Kilabuni? Mtu anayeumwa tumbo?"

Ndipo mkwe akasema yote. Alisema bila kulia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia zamani. Mazoya alizoea pombe barabarani mpaka ikawa ndiyo inayomwendesha. Alipindua lori amelewa, utingo wake akafa. Akafukuzwa kazi, akanywa hata kitanda chao. Mwishowe akapelekwa kwa mabruda wanaowatunza walevi, akakaa huko miezi, akalia usiku na mchana, na tangu Pasaka alikuwa hajaonja hata tone. Daktari alikuwa amewaambia kwamba ini lake limechoka, na kwamba akirudia tena halitastahimili.

Mbeleje alishika fremu ya mlango. "Kwa nini hamkuniambia? Mimi ni mama yake. Kwa nini mlinificha?"

Gaudensia aliinua uso.

"Nilikuja, mama."

Mbeleje aliiachia fremu ya mlango. Alitoka bila viatu, akapita katikati ya wageni waliokuwa bado wanaimba, akaenda hadi kilabuni. Mazoya alikuwa ameketi kwenye benchi, kikombe mbele yake, na macho yake yalikuwa yameshalegea. Mbeleje alipiga magoti kwenye vumbi akamshika miguu, jambo ambalo mama hamfanyii mwanawe.

"Baba, twende nyumbani. Nisamehe, twende nyumbani."

"Usilie, mama," Mazoya akasema, akamfuta machozi kwa kiganja. "Ilikuwa tamu kweli. Nilijaribu, unajua? Nilijaribu sana." Akasema tena, polepole, "Nilijaribu sana," kisha akageuka akaomba kikombe kingine.

Hakutoka kilabuni siku ile kwa miguu yake. Walimbeba. Gaudensia alijaribu kumrudisha kwa mabruda, naye akakubali, akatoroka, akarudishwa, akatoroka tena. Mara ya mwisho alipoletwa kijijini alikuwa wa manjano machoni, tumbo limevimba, na hakutaka jeli wala divai wala maji. Mbeleje alimlaza kwenye kitanda alichomzalia. Alimlisha uji kwa kijiko na uji ukarudi. Mizabibu ilikuwa haijaanza kuchanua Mazoya alipokata roho, asubuhi, mama yake akimpepea nzi.

Chupa za Krismasi ambazo hazikugawiwa zilikuwa bado zimepangwa rafuni. Siku ya matanga Mbeleje alizitoa moja moja, akazimwaga nyuma ya jiko. Sisimizi walikuja wengi mpaka ardhi ikawa nyeusi. Wanawake waliomwona walimfuata, wakamshika mikono, na mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa rafiki yake tangu utoto, akamwambia, "Mama Mazoya, jihurumie. Hukumwua mwanao. Ulipika kwa upendo, Mungu anajua."

"Naam, kwa upendo," Mbeleje akasema. Hakuwa akilia. "Kwa upendo niliuza kuku nikanunua sukari. Kwa upendo nilimwongezea divai kuliko wenzake. Watu walitazama chini mbele yangu, sikuuliza. Mke wake alinijia mpaka mlangoni, sikuuliza. Mkono wake ulitetemeka mbele ya macho yangu, sikuuliza." Akaitua chupa ya mwisho chini. "Upendo usiouliza hupika sumu."

Wanawake wale walimsogelea zaidi. Walibaki wamemshika tu. Maneno yake yalitoka nyuma ya jiko lile yakaenda nyumba hadi nyumba, yakavuka kijiji, na watu wakaanza kuyasema bila hata kujua jina la aliyeyasema kwanza. Mbeleje aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakupika jeli tena, na moyo wake haukupoa. Kila aliyempitia kumfariji aliondoka ameinama.

Bibi Nyendo aliuchukua tena ungo wake. Yule kijana aliyesema kwamba zawadi ni zawadi tu alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe.

"Mtu asije akawadanganya kwamba yule mama hakumpenda mwanawe," Bibi akasema. "Alimpenda kuliko pumzi yake, na hilo ndilo lililomwumiza mpaka kaburini. Lakini upendo usiouliza, wajukuu zangu, hupika sumu."